Michoro ya Kolo, Kondoa: nyekundu ndiyo kongwe

Mkuu, umesema kwenye michoro ya kale ya miambani ya Kolo, nyeupe ni kongwe kuliko nyekundu, tena inaonekana ukiwa barabarani. Hapana, ni kinyume chake: nyekundu ndiyo kongwe. Sogea karibu na mwamba, utafute mahali rangi mbili zinapopishana: mstari mweupe mnene kama wa kidole umepita juu ya mnyama mwekundu aliyechorwa kwa laini nyembamba. Kilicho juu kimekuja baadaye. Nyekundu inadumu kwa sababu ni udongo wenye chuma, umeingia ndani ya jiwe. Nyeupe imekaa juu juu, inabanduka.

Na si kweli kwamba michoro inaonekana ukiwa barabarani. Kolo iko zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya Kondoa mjini, njia ya Babati. Anzia ofisi ya michoro pale pale Kolo, ulipie, upewe mwongozaji, ndipo mshike barabara ya vumbi na kumalizia kwa miguu kupanda mlima. Masika gari dogo liache.

Maji ya kumwagia michoro ili ing'ae, usithubutu: yanaacha chumvi inayoila rangi. Ukikuta sadaka kwenye pango la Mungomi, mojawapo ya yenye michoro hapo Kolo, usiguse, watu bado wanatambika.