Hitler aliikuta itikadi tayari

Swali la wiki lilikuwa: je, utaifa wa mrengo wa kulia wa Ujerumani ulianza na Hitler? Hapana. Yeye aliukuta umeshakomaa, na sehemu ya historia yake inapita pwani yetu.

Wazalendo wa Kijerumani wa 1848 wengi walikuwa waliberali. Bunge lao la Frankfurt lilitaka katiba na nchi moja. Umoja uliopatikana mwaka 1871 uliletwa na jeshi la Prussia, dola kubwa ya Kijerumani, chini ya waziri mkuu wake Bismarck, na tangu hapo wengi wakaegemea upande wa mabavu.

Kisha ukaja mkataba wa Julai 1, 1890. Ujerumani iliachia Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, na kukubali himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, ikapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. (Wanaosema Zanzibar "ilibadilishwa" wanakosea, haikuwahi kuwa koloni la Wajerumani.) Hasira za mkataba huo zilizaa, mwaka 1891, jumuiya iliyokuja kuitwa Alldeutscher Verband (Jumuiya ya Wajerumani Wote). Waasisi wake ni pamoja na Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, yuleyule Mkono wa Damu aliyefukuzwa kazi mwaka 1897 kwa mauaji ya Kilimanjaro, na kijana Alfred Hugenberg. Walihubiri kwamba taifa ni damu na kwamba Ujerumani lazima ipanue ardhi yake. Mwaka 1912 mwenyekiti wao, Heinrich Class, alidai kwa jina bandia kwamba Wayahudi wanyimwe haki za uraia. Sasa soma kipengele cha 4 cha programu ya Wanazi ya Februari 24, 1920: raia ni mwenye damu ya Kijerumani tu. Tofauti iko wapi?

Walichokosa ni umati, kwani jumuiya ilikuwa ya walimu, maprofesa na maofisa. Kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuliwafungulia mlango, kwa msaada wa uongo mkubwa. Septemba 29, 1918, Jenerali Ludendorff mwenyewe, mmoja wa wakuu wa jeshi, alitaka mapigano yasitishwe haraka; Novemba 1919 mkuu mwenzake, Hindenburg, akaiambia kamati ya bunge kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni, yaani lilisalitiwa nyumbani. Mamilioni waliamini.

Hugenberg, ambaye sasa alimiliki magazeti na kampuni ya filamu na kuongoza chama cha kizalendo cha DNVP, alimshirikisha Hitler mwaka 1929 katika kampeni ya kupinga malipo ya fidia ya vita. Mdororo wa uchumi ukafuata. Kura za Wanazi zilipanda kutoka asilimia 2.6 mwaka 1928 hadi 18.3 mwaka 1930. Januari 30, 1933, Hugenberg aliingia katika baraza la Hitler kama waziri wa uchumi na kilimo, akidhani atamdhibiti. Juni alikuwa ameshajiuzulu, na chama chake kikavunjwa.