Kapeti ya plastiki au vigae, nyumba ya Likoni

Ndugu yangu, kapeti ya plastiki ni rahisi kuliko vigae siku ya kununua tu. Unyevu wa chini ukipanda, gundi huachia, kapeti hufura, nawe unanunua tena.

Pima kwanza: bandika nailoni ya mita 1 kwa 1 sakafuni, uizibe kwa selotepu pande zote, uifunue baada ya saa 24. Ukikuta majimaji chini yake, plastiki isahau.

Vigae basi. Chumba cha mita 3 kwa 4 nunua mita za mraba 13.2, ziada ni ya kukatia na kubadilisha vitakavyopasuka, maana rangi ileile hutaipata tena. Simama hapo fundi akipaka gundi: ienee kigae kizima. Akiweka madonge pembeni tu, katikati hubaki tupu, sufuria ikianguka kinapasuka.