Jibu: "explain you" imekosewa wapi?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini "I want to explain you the price" imekatwa, na "I want to tell you the price" imepita.

Mimi natembeza wageni magofu ya Kilwa Kisiwani, na kosa hilo nimelisema sana mbele ya Msikiti Mkuu. Kiswahili chetu ndicho kinatuponza: kukueleza, kukuambia, mtu yumo ndani ya kitenzi, tunadhani na kwa Kiingereza ni hivyo hivyo.

Angalia kwanza ni kitenzi gani. Tell, show, give, send vinampokea mtu papo hapo: to show you the mosque. Lakini explain, describe, suggest na say vinataka kitu kwanza, mtu aje baadaye akiwa na to yake: to explain the price to you. Hiyo to ya pili ni kihusishi, haihusiani na ile iliyotangulia kitenzi, kwa hiyo usiogope kuziona mbili.

Kitu kikiwa it, hata give nayo igeuze: to give it to him.

Discuss ndiyo kisirani, haitaki about: to discuss it with them.