Kabla hujachora ramani: kwa wanaoanza kujenga ulimwengu wa pamoja

Ukikaa na kundi linalocheza michezo ya kuigiza mezani, haichukui muda kabla mtu hajasema tuachane na ulimwengu wa kununua, tuunde wa kwetu. Kila mtu anachangamka. Mmoja anataka majoka, mwingine anataka mji unaoelea, wa tatu ameshaanza kutaja nasaba za wafalme. Usiku huohuo kundi la WhatsApp linajaa meseji ndefu, na baada ya wiki chache hakuna anayezisoma. Wengi husingizia ratiba. Kwa niliyoyaona, kinachoua miradi hii mara nyingi ni kwamba watu wanaanza kubuni kabla ya kukubaliana nani ana neno la mwisho juu ya nini.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anasikia habari hizi: mchezo wenyewe ni mazungumzo. Mmoja ni mchezeshaji, anaeleza mahali mlipo na nani amesimama mbele yenu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pasipo uhakika mnarusha dadu. Hakuna anayepanda jukwaani, hakuna mavazi (labda mkitaka), na hakuna mshindi.

Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Lakini tangu 1971 Arneson alikuwa akiwachezesha marafiki zake wa Minneapolis na St. Paul katika nchi aliyoiita Blackmoor. Hakujifungia kwanza akaandika historia ya nchi nzima. Kulikuwa na ngome, chini ya ngome kulikuwa na mahandaki, na kulikuwa na wachezaji waliorudi kila mara kutaka kujua mbele zaidi kuna nini. Gygax alipouona mchezo huo akaanzisha wa kwake, Greyhawk, kule Lake Geneva, Wisconsin. Baadhi ya majina ya meza ile yameingia hadi kwenye vitabu vya kanuni. Kuna uganga unaoitwa kwa jina la Tenser, na Tenser alikuwa mhusika wa Ernest, mtoto wa Gygax. Herufi ni zilezile za Ernest, zimevurugwa tu. Nawakumbusha hili wanaodhani lazima kuwe na kurasa 200 za maelezo kabla ya mtu wa kwanza kurusha dadu.

Kwa hiyo kikao cha kwanza msichore chochote. Gawaneni mamlaka.

Mfano mkubwa wa mgawanyo huo ni Living Greyhawk, kampeni (yaani mfululizo wa vikao vya mchezo vinavyoendeleza hadithi moja) iliyoendeshwa kati ya 2000 na 2008 ikachezwa na watu wa nchi nyingi ndani ya ulimwengu mmoja. Kila eneo la ramani ya kubuni lilifungamanishwa na sehemu ya dunia halisi, liwe jimbo la Marekani au nchi nyingine, na kila eneo lilikuwa na watu watatu wa kujitolea waliosimamia hadithi za kwao. Yaliyogusa ulimwengu mzima yaliamuliwa ngazi ya juu. Bila mpangilio huo, mji uleule ungeteketezwa wikiendi moja na makundi kadhaa, kila moja kwa sababu yake.

Nyinyi mko wanne au watano, hamhitaji urasimu wa namna hiyo. Wengi hugawana nchi: hii yangu, ile yako. Mimi sishauri. Mkigawana ardhi kila mtu anajenga ukuta, anapamba ufalme wake, na wahusika hawakutani isipokuwa vitani. Gawaneni mambo badala ya mahali. Mmoja ashike bahari na safari, mwingine dini na mazishi, mwingine biashara na madeni, mwingine historia ya kale. Swali likizuka katikati ya mchezo, wote mnamgeukia mwenye jambo hilo. Anajibu palepale, au anasema halijulikani bado. Anaweza kuomba msaada, ila hapingwi. Mchezeshaji anabaki na vya kufichwa: adui anapanga nini, na nani miongoni mwa mnaowaamini ni mwongo. Kwa njia hiyo kila nchi mnayoizua inapita mikononi mwa kila mmoja wenu, na hamwezi kuunda hata kijiji bila kuulizana.

Tatizo linalofuata ni la watu wenye sauti. Katika kila kundi kuna mmoja ambaye mawazo yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na kuna mwingine ambaye husema "sawa tu, vyovyote." Usidhani wa pili hana mawazo. Mchezo uitwao Microscope, wa Ben Robbins, uliotoka 2011, una dawa yake. Mnaanza kwa kutaja historia yenu ilianza na nini na iliishaje, kisha mnajaza katikati kwa kadi: zama, matukio, na maigizo ndani ya matukio. Zamu yako ikifika unaamua peke yako. Wengine hawaruhusiwi kupendekeza, hata wakiwashwa ulimi. Mara ya kwanza ukimya huo ni wa aibu. Mtu anaishika kadi tupu, anatazama dari, mwenye sauti anakaribia kupasuka. Halafu yule wa "sawa tu" anaandika: *mfalme alifariki na kwa miaka saba hakuna aliyeambiwa*. Hakuna pendekezo la pamoja ambalo lingezaa sentensi hiyo, maana mawazo yakijadiliwa na watu watano hulainika hadi yanakosa meno.

Kabla ya kuanza, mchezo huohuo unawataka mwandike orodha ya vinavyoruhusiwa ingawa watu wasingevitarajia, na ya vinavyokatazwa ingawa wangevitarajia. Ichukueni hata kama hamtaucheza wenyewe. Upande wa makatazo mnaweza kuandika: hakuna bunduki, hakuna miungu inayoongea na watu moja kwa moja, hakuna mtu anayefufuka. Dakika kumi za kazi hiyo zitawaokoa na ugomvi wa mwezi wa tatu.

Kwenye makatazo hayo muwe wakweli kuliko vitabu. Katika michezo mingi ya aina hii mchawi ni fundi wa kurusha moto, basi. Huku kwetu ziko familia zilizompoteza bibi kwa tuhuma za uchawi, na huwezi kujua nani mezani ametoka kwenye familia hiyo. Utumwa vivyo hivyo. Kwa mtu wa Bagamoyo au Zanzibar si pambo la hadithi. Sisemi msiguse. Semeni mapema kipi hakiingii kabisa na kipi kitatajwa kwa mbali bila kuonyeshwa. Wengi pia huweka mezani kadi yenye alama ya X, utaratibu uliobuniwa na John Stavropoulos: anayeigusa, jambo lililotajwa linafutwa na mchezo unaendelea, wala haulizwi kwa nini. Hilo la kutoulizwa ndilo lenye uzito. Mkianza kudai maelezo, hakuna atakayeigusa tena.

Sasa chukueni karatasi ya manila na penseli. Penseli, si kalamu.

Anzeni na mji mmoja na jambo moja lisilo la kawaida kuuhusu, kisha mlifuate hadi linapowapeleka. Tuseme mji wa bandari unaitwa Shungwi. Mmoja wenu anasema, "Shungwi haina kisima. Maji ya kunywa huletwa kwa majahazi kutoka bara." Mwenye bahari anaulizwa majahazi huja lini. Aliyekulia pwani hana haja ya kubuni hapo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na katikati wageni walikaa wakingoja upepo ugeuke. Basi Shungwi nayo ina msimu wa majahazi mengi na msimu wa majahazi machache. Mwenye biashara anaongeza: msimu wa machache, maji huuzwa kwa mkopo. Nani mkopeshaji? Mchezaji wa nne, aliyekuwa kimya, anasema: "Shangazi wa mhusika wangu. Ndiyo maana nilikimbia mji." Mwenye dini anauliza maiti huoshwa kwa maji gani basi, na meza nzima inanyamaza, kwa sababu sasa kuna mazishi ya tajiri na mazishi ya maskini na watu wanaojua tofauti yake. Mchezeshaji anamalizia: mwaka huu upepo umechelewa kugeuka.

Hapo hamjaandika hata ukurasa mmoja, lakini mna kampeni ya miezi. Angalia pia kwamba hakuna aliyejibu swali lake mwenyewe. Mgeni akija na mji wake umekamilika, una jina la kila mtaa na tabia ya kila mlinzi wa lango, wenzake watausifu tu, kwa sababu hakuna pa kutia mkono. Leta jambo moja na swali moja, swali ambalo kweli hujui jibu lake.

Kama hamwezi kukutana mara kwa mara, mmoja Arusha, mwingine Mombasa, mwingine zamu za usiku Doha, upo mchezo wa kuandika uitwao Lexicon, alioubuni Neel Krishnaswami mwaka 2003. Mnajifanya wanazuoni mnaotunga kamusi ya ulimwengu wenu, herufi baada ya herufi. Kila andiko linataja maandiko mengine, yakiwemo ambayo bado hayajaandikwa, na wewe uliyelitaja huruhusiwi kuliandika. Unataja kwa kupita "Vita vya Chumvi," kisha unangoja mwenzako akuambie ilikuwa vita gani. Ni mchezo wa polepole unaotaka uvumilivu, na kwa watu waliotawanyika sijaona unaoufaa zaidi.

Juu ya kumbukumbu, kanuni yangu ni moja na ni ngumu kidogo kwa wenye kupenda kuandika: kilichosemwa mezani wakati wa mchezo ndicho kweli. Kilicho kwenye daftari lako la nyumbani ni nia tu mpaka kitakaposemwa. Ukiandika kurasa ishirini juu ya ukoo wa wavuvi halafu mchezeshaji akaigiza mvuvi asiyefanana na ukoo huo, mvuvi wake ndiye wa kweli, rekebisha kurasa zako. Mtunza daftari awe mmoja kwa kila kikao, kwa zamu, na aandike kwa ufupi: kilichotokea, nani anahusika, nini hakijajibiwa. Safu ya mwisho ndiyo mtakayoisoma kabla ya kikao kijacho.

Mtapingana tu. Wiki hii mtu atasema mji ulijengwa na wavuvi, mwezi ujao mwingine atasema na wakimbizi, na daftari litakuwa na yote mawili. Msipige kura. Ulizeni ndani ya ulimwengu wenu ni nani anayesema hivi na anafaidika nini. Historia ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili, moja ya Kiarabu na nyingine ya Mreno João de Barros iliyochapishwa 1552, nazo hazilingani katika kila jambo. Hakuna aliyesema basi Kilwa haikuwepo. Wavuvi wa Shungwi wana hadithi yao na wakimbizi wana yao, na shangazi mwenye maji anajua ipi inamfaa mahakamani. Ukinzani unaostahili kufutwa ni ule unaovunja hatua ambayo mchezaji alishaichukua kwa kuamini mlichosema: mtu alitoa kafara ngalawa yake kwa sababu mlimwambia mto haupitiki, basi mto haupitiki.

Vifaa visikusumbue. Seti kamili ina dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na si kila mji una duka linalouza. Programu za simu zipo na ni za bure. The Quiet Year, wa Avery Alder, ambao kundi huchora ramani ya jamii moja kwa mwaka mmoja, hutumia karata 52 za kawaida, kila karata wiki, pamoja na dadu za pande sita kama zile za ludo. Ni mahali pazuri pa kuanzia kama hakuna anayetaka kuwa mchezeshaji, maana haumhitaji.

Mwisho, watu huhama. Kazi, ndoa, masomo. Kubalianeni mapema kwamba alichokibuni anayeondoka kinabaki katika ulimwengu wenu, lakini mhusika wake haigizwi wala hauawi bila ruhusa yake. Amesafiri, na barua zake zinaweza kufika. Jambo alilokuwa akilishika lipewe mtu mwingine siku hiyohiyo, lisikae bila mwenyewe. Akiingia mgeni, usimpe daftari lote asome, atakimbia. Mweleze Shungwi kwa dakika tano, mwonyeshe kwenye manila sehemu ambayo penseli haijafika, mwulize mhusika wake anatoka kijiji gani huko na kwa nini hawanunui maji kwa shangazi.