Gesi ya Ziwa Kivu kwenye meza moja

SWALI: Sisi wanafunzi wa jiolojia hapa Goma tumepewa meza moja kwenye siku za milango wazi za utafiti chuoni. Tuwaelezeje wageni gesi ya Ziwa Kivu? – Mwanafunzi, Goma

JIBU: Leteni chupa ya plastiki ya soda, haijafunguliwa. Mapovu hayaonekani, ingawa gesi imo: shinikizo limeibana. Legezeni kifuniko polepole, yatapanda. Vivyo hivyo uzito wa maji huzibana kaboni dioksidi na methani kilindini. Ziwa linafika kina cha mita 485 hivi. Soda isiwe baridi sana, mapovu yatachelewa. Ikitikiswa itawalowesha wageni. Bango la sentimita 84 kwa 119 latosha, maneno yasizidi 300. Wengi hubandika memwari (tasnifu ya kuhitimu) nzima, nani ataisoma? Projekta iacheni: umeme ukikatika, mmekwisha.