Wasomaji Wanauliza: Kwa nini Waingereza waliiacha Gaza mwezi Machi 1917?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba tarehe 26 Machi 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lililotokea Misri kupitia jangwa la Sinai liliizingira Gaza, likaingia hata pembezoni mwa mji, kisha jioni hiyo hiyo likaamriwa kurudi nyuma. Inasemekana sababu ilikuwa ukosefu wa maji ya farasi. Je, ndivyo ilivyokuwa? Na mji huo ulichukuliwa lini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Maji yalikuwa na uzito katika uamuzi ule, lakini hayatoshi kueleza kushindwa kwa shambulio lenyewe. Katika Sinai kila hatua ya jeshi ilipimwa kwa maji, ndiyo maana Jenerali Archibald Murray alisonga mbele kwa kasi ya reli na bomba la maji lililotandazwa kutoka Mfereji wa Suez. Kazi hiyo ilifanywa kwa jasho la maelfu ya vibarua na wachunga ngamia wa Kimisri, watu ambao historia imewataja kwa uchache, kama ilivyowataja kwa uchache wapagazi wetu wa Afrika Mashariki katika vita hiyo hiyo.

Mpango wa Gaza ulitegemea saa. Wapanda farasi wa Australia, New Zealand na Uingereza walitakiwa kuuzunguka mji kutoka mashariki na kaskazini ili kuwazuia Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, waliokuwa wakiitawala Gaza, wasipate msaada, na askari wa miguu wa Divisheni ya 53 wakishambulie kilima cha Ali Muntar, ambacho mwenye kukishika huutawala mji. Mji ulilindwa na askari wapatao 4,000 chini ya Meja Tiller, Mjerumani. Alfajiri ukungu mzito ulifunika nchi. Wapanda farasi walipita ndani yake wakafika walikotumwa, lakini askari wa miguu walichelewa, na shambulio lao kuu halikuanza mpaka karibu na adhuhuri. Saa hizo za asubuhi hazikupatikana tena.

Hata hivyo mji ulikaribia kuanguka. Alasiri, Jenerali Chetwode, aliyeongoza mapigano ya siku hiyo, aliwaamuru wapanda farasi nao washambulie kutoka kaskazini. Wakapenya katika nyua za mipungate hadi kwenye nyumba za kwanza za mji, na kufikia magharibi Ali Muntar ilikuwa mikononi mwa askari wa miguu. Lakini yapata saa kumi na mbili jioni, kabla habari za kutekwa kwa kilima hicho hazijamfikia, Chetwode, kwa kukubaliana na mkubwa wake, Jenerali Dobell, alikuwa amekwisha kuwaamuru wapanda farasi warudi. Aliona giza linaingia, farasi wanahitaji maji, na vikosi vya Kiuthmaniya vinakuja kuuokoa mji. Jenerali Chauvel, kamanda wa wapanda farasi waliokuwa wameingia mjini, alipinga, kisha akatii.

Lililofuata linasikitisha zaidi. Jenerali Dallas wa Divisheni ya 53 aliagizwa aunganishe upande wake wa kulia na Divisheni ya 54, lakini hakuarifiwa kwamba divisheni hiyo ilikuwa imesogezwa karibu naye. Kwa kudhani iko mbali, aliwaondoa askari wake Ali Muntar usiku ule. Kesho yake asubuhi baadhi yao walikirudia kilima, wakafukuzwa na Waturuki waliokwisha kupata nguvu mpya.

Kwa maoni yangu, basi, kilichowashinda Waingereza ni habari zilizokwenda polepole kuliko askari. Ushahidi uko miezi michache nyuma: huko Rafa, tarehe 9 Januari 1917, Chetwode huyo huyo alikuwa ametoa amri ya kurudi nyuma, ila askari wa New Zealand waliiteka ngome kuu kabla amri haijatekelezwa. Gaza amri iliwahi.

Waingereza walipata hasara ya watu karibu 4,000, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. Murray aliiandikia London taarifa iliyokuza mno hasara ya adui, na serikali, ikidhani ushindi u karibu, ikamhimiza asonge mbele hadi Yerusalemu. Hili ndilo ninaloliona zito kuliko kosa la jioni ile, kwa sababu aliposhambulia tena, kati ya tarehe 17 na 19 Aprili, Waturuki walikuwa wamechimba mahandaki kuelekea Beersheba, mji ulio kusini-mashariki mwa Gaza, na watu zaidi ya 6,000 wa upande wake waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, ingawa safari hii alitumia vifaru na mabomu ya gesi. Dobell aliondolewa, na mwezi Juni nafasi ya Murray akapewa Jenerali Allenby.

Allenby alianza na Beersheba, penye visima, akaiteka tarehe 31 Oktoba. Gaza ilichukuliwa tarehe 7 Novemba 1917, baada ya Waturuki kuihama. Wenyeji wake walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa amri ya watawala wa Kiuthmaniya, nyumba nyingi zilikuwa magofu, na Msikiti Mkuu wa Omari ulikuwa umebomolewa vibaya na mizinga. Ulikarabatiwa katika miaka ya 1920.