Farasi pori anafugika kweli?

SWALI: Shikamoo mhariri, nipo Mafinga, nimeona video ya farasi pori wa Marekani anamfuata mtu kila aendako, kweli au geresha tu? Na mbona huku kwetu tunaona punda tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kweli kabisa, wale mastangi (ndio hao farasi pori wa Marekani) ni uzao wa farasi wa kufugwa walioletwa na Wahispania miaka ya 1500 wakatoroka, tangu 1971 wanalindwa kisheria. Kumzoesha sasa, usimkimbilie na kamba, simama kiupande, usimkazie macho, akikugeuzia sikio rudi nyuma kidogo, atasogea mwenyewe (ila uvumilivu jamani!). Huku kuna ugonjwa wa virusi unaosambazwa na usubi, punda na pundamilia wanahimili, farasi anakufa chap. Chanjo ipo lakini, muulize daktari wa mifugo.